UZI: Kuku mbichi anafikaje kwenye kachumbari yako? Tufuate njia yake kwenye majiko ya Dar

Zamu ya Asubuhi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mtu akiharisha mjini hapa, cha kwanza kulaumiwa ni alichokula mwisho, cha pili ni sura ya pale alipokula. "Pale pachafu, nilikwambia." Tunahukumu kwa sakafu, kwa nzi, kwa mtaro unaopita nyuma ya kibanda. Mimi nasimamia jiko la mgahawa mmoja mjini, kabla ya hapo nimepika hotelini na kwenye shughuli, na naona hukumu hiyo mara nyingi inamwangukia asiyehusika.

Muda wenyewe haukubali. Salmonella, bakteria anayepatikana kwenye kuku mbichi, huchukua kuanzia masaa sita hadi siku sita kuonyesha dalili. Campylobacter, bakteria mwingine wa kuku, kwa kawaida ni siku mbili hadi tano. Ulichokula Jumapili kinakubana Jumatano, na wewe unakwenda kumgombeza muuza supu wa Jumatano asubuhi.

Na vigae havimlindi mtu. Nimefanya kazi kwenye jiko linalong'aa mpaka unajiona kwenye meza, na bado nikaona mpishi anakata kuku, anafuta kisu kwa kitambaa cha begani, anaendelea na nyanya. Nimekula pia kwa mama mmoja wa kibanda cha mabati mwenye ndoo zake tatu, miaka, bila shida yoyote. Swali ninalouliza mimi nikiingia jiko lolote ni hili tu: kilichogusa kibichi, kimegusa nini tena kabla hakijaoshwa?

Wapishi wapya wakija huwa nawafanyia mchezo. Asubuhi nawapaka kuku wabichi wote unga wa manjano uliochanganywa na mafuta kidogo. Sisemi kwa nini, wao wanadhani ni viungo vya siku hiyo. Wanakata, wanapanga kwenye trei, wanaendelea na kazi. Ikifika saa tano, kabla wateja wa mchana hawajaanza kumiminika, nawaita tutafute rangi ya njano imefika wapi.

Kwenye kibao na kisu ipo, hiyo kila mtu anaitegemea. Halafu ipo kwenye mpini wa friza. Kwenye kopo la chumvi. Kwenye koki ya sinki, maana mtu anaifungua kwa mkono mchafu, ananawa vizuri kabisa kwa sabuni, kisha anaifunga koki ile ile kwa mkono aliokwisha kuusafisha. Kwenye kamba ya aproni, mgongoni. Kwenye kioo cha simu. Na bila kukosa, kwenye kitambaa cha kufutia. Na kutoka kwenye kitambaa, mistari ya njano imepigwa meza nzima mpaka upande wa saladi, ambako kuku mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Siku moja tuliikuta kwenye kikopo cha vijiti vya kuchokolea meno. Mpaka leo hakuna aliyejitokeza kueleza ilifikaje.

Manjano yanaonekana. Vijidudu havionekani, havinuki wala havibadilishi ladha. Na Campylobacter ana ubaya wake wa pekee: hahitaji kuwa wengi. Mia chache tu wanatosha kumlaza mtu mzima, na tone moja la maji ya kuku mbichi linaweza kubeba idadi hiyo.

Sasa angalia kinachotokea. Kuku anaingia kwenye mafuta ya moto, anaiva, anatoka salama. Nyanya na kitunguu vilivyokatwa kwenye kibao kile kile haviingii motoni. Mteja anakula vyote sahani moja, akiugua anasema "kuku hakuiva". Kuku aliiva vizuri sana.

Kitu cha pili ninachowaambia vijana ni unyevu. Uso mkavu hupitisha vijidudu kidogo, uso wenye maji hupitisha vingi. Mkono ulionawa usikaushwe unahamisha vingi kuliko mkono mkavu. Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, mwaka 2016 walichapisha utafiti wao kuhusu ile imani ya kwamba kitu kikianguka ukakiokota ndani ya sekunde tano hakijachafuka. Waliangusha tikitimaji, mkate, mkate wenye siagi na peremende juu ya chuma, kigae, mbao na zulia vilivyopakwa bakteria. Tikiti lilibeba bakteria wengi kuliko vyote, peremende wachache kuliko vyote, na wakati mwingine walihama hata kabla ya sekunde moja kuisha. Kilichowashangaza wengi ni kwamba zulia lilipitisha wachache sana kuliko kigae na chuma. Wale wanaonunua tikiti la kukatwa kwenye sinia pale kituoni, hiyo ni yenu.

Ndiyo maana nina ugomvi wa kudumu na kitambaa. Hapa kwetu joto ni nyuzi 30 na kitu, unyevunyevu wa bahari haupungui, kitambaa hakikauki kutwa. Kina maji, kina mabaki ya chakula, kina joto: bakteria akipata hivyo vitatu anaweza kugawanyika kila dakika 20. Kitambaa kilichoanza zamu kisafi, mchana kinagawa tu kilichokwisha kukusanya. Ukifuta nacho meza unaisambazia, hata kama inang'aa.

Nipo. Mwenye swali aulize, mwenye kunipinga aje.

Mla Nje

Nimekaa siti ya mbele. Nimetoka kula chipsi kuku na kachumbari ya kutosha, nasoma huku nasikilizia tumbo. Mkuu ungeleta uzi huu kabla ya saa saba.

Mbishi wa Mabibo

Hizi ni habari za wazungu wenye matumbo laini. Babu zetu walikata kila kitu juu ya gogo moja, wakafuta kisu kwenye jani la mgomba, mbona tupo? Halafu kachumbari ina ndimu na pilipili, nani ataishi humo?

Zamu ya Asubuhi

Mbishi, babu alichinja kuku wa kienyeji, akamtia chunguni saa ile ile, wakala wote wakamaliza. Hakukuwa na kachumbari iliyokatwa saa mbili asubuhi ikakaa kwenye beseni mpaka saa mbili usiku. Na tusisahau watoto wa enzi hizo walikufa sana kwa kuharisha, ila walionusurika ndio waliotuhadithia.

Ndimu inapunguza baadhi ya vijidudu, kweli. Ila ile unayokamulia dakika mbili kabla ya kula, kwenye bakuli zima la nyanya zenye maji, haiwezi kumaliza kazi. Pilipili inakuchoma wewe tu.

Mama wa Ndoo Tatu

Mleta uzi umenigusa, na jina nimejipa leo kwa sababu yako. Mimi nauza wali, ugali na samaki huku Buguruni. Sina sinki. Maji nanunua kwa dumu, siku za mgao bei inapanda. Sasa mnapoandika mambo ya koki na mipini ya friza, sisi mnatuweka wapi? Niambie kitu ninachoweza kukifanya kesho asubuhi, siyo semina.

Zamu ya Asubuhi

Mama, shikamoo. Na wewe usiye na koki umeshakwepa tatizo moja, ile ya kufunga bomba na mkono safi juu ya uchafu wako mwenyewe.

Ndoo tatu zinatosha ukizipa kazi tofauti. Ya kwanza maji ya sabuni, ikiwezekana ya moto, hapo ndipo mafuta na mabaki yanatoka. Ya pili maji safi ya kusuuzia. Ya tatu maji yenye klorini, chombo kikae humo dakika moja au mbili, kisha kianikwe kikauke chenyewe. Usikifute na kanga wala taulo, utakirudishia ulichokitoa.

Kipimo: dawa ya madoa yenye klorini inayouzwa madukani, isiyo na manukato, soma asilimia kwenye chupa. Ikiwa ni asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula (mililita 15 kila kimoja) kwenye ndoo ya lita 10 vinakupa kama sehemu 100 za klorini kwa milioni. Vijiko vinne vinakupa 200, na kwa vitu vinavyogusa chakula usizidi hapo. Klorini inauawa na uchafu, kwa hiyo ukiruka ndoo ya sabuni ukatumbukiza sahani yenye mchuzi kwenye ya tatu, umetupa hela. Maji ya ndoo ya tatu yakianza kuwa na ukungu, mwaga, changanya upya. Usichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia chooni, inatoa hewa ya sumu.

Na kwa samaki wako: matumbo na magamba yatolewe huko huko soko la samaki la Feri ukiweza, la sivyo maliza kabeji kwanza ndipo umguse samaki. Mpangilio wa kazi haukugharimu hata shilingi. Visivyopikwa kwanza, vibichi vya damu mwisho. Ukiwa na kibao kimoja tu maishani mwako, ratiba hiyo ndiyo kibao chako cha pili.

Mama wa Ndoo Tatu

Marahaba mwanangu. Ya ratiba nimeielewa. Mimi nilikuwa naanza na samaki kwa sababu wanawahi kuharibika.

Zamu ya Asubuhi

Hoja yako ina uzito mama, samaki asikae juani. Kama huna barafu, anza naye, umalize kabisa, uoshe kibao, kisu, beseni na mikono kwa ndoo zote tatu, ndipo uanze mboga. Kibaya ni kuchanganya, mkono huu samaki mkono huu nyanya.

Muuza Kuku Shekilango

Mimi nachinja na kunyonyoa. Nimesikia sikuhizi wanasema kuku asioshwe kabisa, maji yanarusha vijidudu. Wateja wangu nikiwaambia hivyo watanikimbia. Wewe unasemaje?

Zamu ya Asubuhi

Hili linahitaji subira kidogo, maana ushauri huo umeandikwa kwa ajili ya kuku wa Ulaya na Marekani: ametoka kiwandani, amefungwa kwenye plastiki, hana unyoya. Kuku wako anakuja na manyoya madogo, damu, wakati mwingine na kinyesi kwenye ngozi. Kumwambia Mswahili asimwoshe huyo ni kupoteza muda, na sidhani hata kama ni sahihi.

Ila sikiliza walichokikuta. Wizara ya Kilimo ya Marekani na Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walichapisha mwaka 2019 jaribio la watu waliopika kuku na kutengeneza saladi kwenye jiko la majaribio. Kati ya walioosha kuku, asilimia 60 walibakisha bakteria kwenye sinki. Asilimia 14 walikuwa nao bado hata baada ya kujaribu kuliosha sinki lenyewe. Na asilimia 26 waliwafikisha kwenye saladi. Watu wengi wanaishia hapo kusoma. Lakini kati ya wale ambao hawakuosha kuku kabisa, asilimia 31 nao walichafua saladi yao!

Kwa maana hiyo maji pekee siyo mtuhumiwa. Mkono ni mtuhumiwa mkubwa zaidi. Ushauri wangu: osha kuku ndani ya beseni lake, lenye maji yaliyotulia, lililowekwa chini mbali na vyombo, usimwekee bomba la kasi likamruka. Mwaga maji taratibu. Beseni hilo lisije likaonekana siku moja limebeba matembele. Halafu mikono, sabuni, sekunde 20.

Fundi Bucha

Nipo kwenye nyama mwaka wa ngapi sijui. Maafisa wanatupigia kelele magogo yaondoke, tuweke plastiki na mashine. Kuna mtu aliniambia utafiti ulionyesha mbao inaua bakteria. Nimekuwa nikitumia hiyo kama utetezi.

Zamu ya Asubuhi

Utafiti upo. Dean Cliver, mwanasayansi wa chakula wa Marekani, alifanya majaribio miaka ya 1990 na kukuta kwamba bakteria wakiwekwa juu ya mbao wanafyonzwa ndani, hawazidi kuongezeka, wengi wanakufa. Kwenye plastiki mpya walioshwa kirahisi. Kwenye plastiki iliyokwisha kuchanjwachanjwa na kisu walibaki kwenye mifereji ile, na kuosha kwa mkono hakukuwatoa vizuri.

Kwa hiyo kibao cha plastiki chenye makovu, cheusi katikati, hakina ubora wowote juu ya mbao. Kitupe. Lakini hilo halikuokoi wewe na gogo lako, mkuu. Yeye alizungumzia kibao, kinachooshwa na kukauka. Gogo la bucha halibebeki, halizamishwi kwenye maji, lina nyufa zinazoingiza kidole, na halipati siku ya kukauka. Kulikwangua na kulipaka chumvi jioni kunasaidia, ila nyufa ziko pale pale.

Mchoma Kitimoto

Naomba niseme kitu ambacho hamjakigusa. Sisi tunaochoma kitimoto tuna jiko letu, karai letu, kisu chetu, meza yetu, hata mtu wetu. Pale baa ninapofanyia kazi kuna kuku na mbuzi upande wa pili, na hakuna anayethubutu kuvusha hata uma. Mhudumu mgeni aliwahi kuchukua kibanio changu akapeleka upande wa mbuzi, mpishi wa kule Muislamu, ilibidi kibanio kitupwe na meneja akaitwa. Hakuna aliyefundishwa na bwana afya. Kila mtu anajua.

Zamu ya Asubuhi

Mkuu, hii ndiyo komenti ya uzi mzima, nilitamani niiandike mimi.

Watu wanasema Wabongo hatuwezi kutenganisha vyombo, eti nafasi ndogo, eti gharama, eti wafanyakazi hawaelewi. Tunaweza! Kwenye kibanda cha mita mbili kwa tatu tunatenganisha kitimoto na mbuzi kwa ukali ambao hoteli za nyota tano zinautafuta kwa semina. Hata kilichogusa kilichogusa kinahesabiwa. Kijana wa darasa la saba anaelewa kwamba mafuta yakitumika kule hayarudi huku, na haoni nguruwe wala hasikii harufu kwenye hicho kibanio. Anaamini tu kwamba kimehama kitu.

Hiyo ndiyo akili inayotakiwa kwa kuku mbichi. Mimi kwenye jiko langu nimeacha kufundisha majina ya bakteria kwa vijana wapya. Nawauliza: "Hapa pangekuwa na nguruwe na mteja wako ni shehe, ungekifuta kisu hicho kwa kitambaa ukaendelea?" Wanacheka, kisha wanakwenda kuosha.

Mbishi wa Mabibo

Hapo sawa. Hapo umenibana.

Binti wa Hotelini

Mimi niko jiko la hoteli, tuna vibao vya rangi. Nilikotoka njano ilikuwa kuku mbichi. Hapa nilipohamia njano ni nyama iliyokwisha iva. Wiki ya kwanza nilikatia kuku mbichi kwenye kibao cha njano, mpishi mkuu alinipigia ukelele wa kusikika mapokezi. Nani yuko sahihi?

Zamu ya Asubuhi

Wote, dada. Mpango wa Uingereza njano ni nyama iliyopikwa, wa Marekani njano ni kuku mbichi. Mjini hapa hoteli moja imeanzishwa na meneja aliyefunzwa huku, nyingine na aliyefunzwa kule, na wafanyakazi tunahamahama. Ni mtego wa kweli kabisa. Dawa yake ni bango ukutani, juu ya vibao, lenye picha ya mnyama na neno la Kiswahili. Na mgeni akiingia asikabidhiwe kisu kabla hajasomewa bango.

Mla Nje

Je wanaovaa glovu? Mimi nikiona glovu nashusha pumzi, naagiza.

Zamu ya Asubuhi

Pandisha hiyo pumzi tena. Glovu inalinda mkono wa anayeivaa. Mkono mtupu ukishika kuku mbichi unanata, unakera, mtu anataka kunawa. Mwenye glovu hasikii kitu. Anashika kuku, anapokea noti ya elfu kumi, anarudisha chenji, anabonyeza simu kuangalia kama muamala umeingia, anarudi kwenye kachumbari, glovu ni ile ile tangu asubuhi. Ukimwona mtu hana glovu lakini ananawa kila anapobadilisha kazi, kaa kwake.

Simu nayo imeleta jambo jipya. Zamani tulihangaika na noti. Siku hizi mteja analipa kwa simu, muuzaji anafuta mikono kwenye aproni, anaangalia meseji, anashika kibanio. Ukiweza, mtu wa hela awe mmoja, mtu wa chakula mwingine. Ukiwa peke yako, simu ikae mahali unapoweza kuisoma bila kuishika.

Afya Mtaa

Mimi ni afisa afya, nazungumza kwa nafsi yangu. Niongeze mambo mawili.

La kwanza, cheti cha kupima afya kila miezi sita. Wamiliki wengi wanakichukulia kama kinga. Kinaonyesha hali ya siku ile tu. Kuna watu wanabeba vimelea vya homa ya matumbo bila kuumwa. Kisa maarufu ni cha Mary Mallon, mpishi wa New York: alitengwa mwaka 1907, akaachiwa 1910 kwa sharti la kutopika tena, na mwaka 1915 akakutwa anapika kwenye hospitali ya wazazi ambako watu walikuwa wameanza kuugua. Yeye mwenyewe hakuwahi kukubali kwamba anaumwa. Kwa hiyo kunawa baada ya choo hakungojei cheti.

La pili, mwaka 2015. Kipindupindu kilipoanza Kinondoni mwezi Agosti, kabla hakijasambaa nchini, mamlaka zilizuia kuuza chakula maeneo ya wazi, na akina mama wengi walikosa riziki kwa sababu hiyo. Kipindupindu kinakuja kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi, na mkono ndiyo daraja. Beseni moja la kunawia linalopitishwa meza nzima, wateja wanane wanachovya maji yale yale, libaki historia. Jagi la kumiminia na sabuni ya maji. Mwaka 2020 kila mlango wa mgahawa ulikuwa na ndoo ya maji tiririka. Zimekwenda wapi?

Mama wa Ndoo Tatu

Yangu ipo, koki ilivunjika, nimeifanya ya unga. Kesho naipeleka kwa fundi.

Mzazi wa Mbagala

Swali tofauti kidogo. Mwanangu ana mzio wa karanga, anavimba mpaka anashindwa kupumua. Tukiagiza chakula nasema "bila karanga", wanaleta bila karanga. Mara mbili amevimba. Inawezekana ni hiyo hiyo habari ya vyombo?

Zamu ya Asubuhi

Inawezekana sana, na hapa sheria zinabadilika. Bakteria unamuua kwa moto au klorini. Karanga hauui, siyo kiumbe hai. Protini yake inabaki hata ikikaangwa. Mwiko uliokoroga mchicha wa karanga ukaingia kwenye mchicha wa nazi unatosha kumletea shida mwenye mzio mkali. Inatakiwa kuondolewa kwa sabuni na maji mengi, na mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kupita karanga hayafai kwake kabisa. Usiseme "bila karanga". Mwambie mpishi mwenyewe, siyo mhudumu, kwamba mtoto anaweza kufa. Ukimwona anasitasita, ondokeni. Na tafadhali mpeleke hospitali wakupe mpango wa dharura, uzi hautoshi kwa hilo.

Jirani wa Mishkaki

Na brashi je? Yule wa kona yetu ana brashi moja ya kupaka mafuta na ndimu. Anapaka mbichi, anapaka inayoiva, anapaka na iliyoiva akikupa.

Zamu ya Asubuhi

Mkuu umegusa kidonda. Brashi ile inarudi kwenye kikopo kile kile cha viungo kila mara, na kikopo kiko pembeni ya jiko, vuguvugu. Mshikaki ulioiva unapakwa maji ya nyama mbichi sekunde ya mwisho, haurudi tena juu ya moto. Mwombe asikupake ya mwisho, au arudishe motoni dakika mbili baada ya kupaka. Wengi hawakasiriki ukiwaambia kwa utani. Vikopo viwili vingemaliza kesi nzima.

Mla Nje

La mwisho kutoka kwangu. Mteja akitapika mezani, mfano watoto, mnafanyaje? Juzi niliona wanafuta kwa kile kitambaa ambacho wewe una ugomvi nacho.

Zamu ya Asubuhi

Hiyo ni hatari kuliko vyote tulivyosema. Kama ni norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha, chembe chache mno zinatosha kumwambukiza mtu, na zinakaa juu ya meza siku nyingi. Jeli ya spiriti haiziwezi vizuri. Watu waliokaribu wahame, karatasi zifunike matapishi, zikusanywe kwenye mfuko na kufungwa, kisha klorini ya nguvu: vile vijiko viwili vya asilimia 3.5, ila safari hii kwenye lita moja ya maji, siyo ndoo. Iache dakika kumi, suuza kwa maji. Chakula chochote kilichokuwa wazi karibu na meza hiyo kitupwe. Aliyesafisha asirudi jikoni kabla hajanawa kwa sabuni na kubadili aproni, na kitambaa, kama kilitumika, kiende na ule mfuko.

Mama wa Ndoo Tatu

Hiyo klorini nikichanganya jioni nikaiacha mpaka asubuhi inafaa?

Zamu ya Asubuhi

Hapana mama, inapungua nguvu, hasa ikiwa wazi au juani. Changanya asubuhi, ya kutosha siku hiyo tu, na chupa yenyewe iweke kivulini.